Pikipiki Inayoangalia Mlima

Njoo Kadutu, hapa Bukavu, asubuhi yoyote, usimame pale juu ya soko, utazame pikipiki zilivyopangwa kando ya barabara. Zote zinaangalia chini. Mgeni atadhani ni amri ya chama cha wenye pikipiki, au ni mapambo. Si amri wala mapambo, ni ugonjwa. Batri imekufa, demarere, ile mota ya kuwashia, haizunguki, kiki imelegea, na mwenyewe hana habari, kwa sababu mji wetu wote ni mteremko. Anapanda, anaingiza gia ya pili, anabana embrayage, ile klachi ya mkono, anajiachia. Akifika kwa muuza mikate anaachilia mkono, pikipiki inakohoa, inawaka, anakwenda zake. Ukimwambia ilete niitazame, anakujibu: "Ya nini? Si inawaka?"

Maneno hayo, si inawaka, ndiyo yatakayonimaliza. Mimi ni Idrissa, fundi wa umeme wa pikipiki. Babu yangu aliingia Uvira na vitambaa akitokea pwani, na Kiswahili cha nyumbani kwetu kimebaki na harufu ya huko, hata kama hewa ya Bukavu imeshakipiga. Majirani wananitania kwamba ninaongea kama redio. Sawa. Redio angalau mtu akiizima anajua ameizima. Mimi nikishaanza, mdomo wangu hauna breki, na utaona mwenyewe ulinifikisha wapi.

Mtu ninayetaka umjue ni Maman Eulalie. Mume wake, Jean-de-Dieu, alikuwa dereva wa pikipiki na rafiki yangu wa kugombana naye kila siku. Homa ilimkamata, ikamlaza, ikamchukua. Kabla ya hapo Eulalie alikuwa akiuza unga wa muhogo sokoni, mama mnene, mpole wa sauti, mgumu wa kichwa. Baada ya maziko watu walingoja arudi kwenye unga. Hakurudi. Nafasi yake ya sokoni alimwachia mwingine, akavaa suruali chini ya kitenge, akavaa kofia ya marehemu, akapanda pikipiki ya marehemu akaanza kubeba abiria.

Kadutu ilicheka mpaka ikachoka. Vijana walimpigia miluzi akipita. Lakini baada ya muda akina mama wakaanza kumtafuta. Mwenye mimba alitaka kupelekwa kliniki na Eulalie, kwa sababu Eulalie akiona shimo analizunguka, halirukii. Watoto wa shule aliwapeleka, vikongwe aliwapeleka misa. Kidogo kidogo miluzi ikaisha, na jikoni kwake sufuria haikukosa kuinjikwa. Kila kitu cha nyumba ile kilikuwa kimekaa juu ya magurudumu mawili ya pikipiki ya Kijapani ya zamani, yenye umri kupita nusu ya vijana wanaoendesha hapa mjini, iliyopakwa rangi ya bleu toka mbele mpaka nyuma.

Na yeye pia, bila shaka, aliiegesha pua chini.

Wiki ile nilimwona anakuja kwangu akiisukuma. Nilishangaa, maana alikuwa hajawahi kuileta.

"Papa Idrissa," akasema, "leo njo utaitazama."

"Leo? Tangu mwaka jana ninakuomba niitazame, unanijibu si inawaka."

"Inawakaka hapa. Kule Nyangezi haitawaka. Mu parcelle ya bashemeji hakuna mutelemuko. Ni sawasawa kama meza."

Akakaa kwenye benchi langu, akanieleza. Jumamosi familia ya mume ilikuwa inamaliza kilio huko Nyangezi, na siku ya kumaliza kilio ndiyo siku ya kusema vitu vya marehemu vinakwenda kwa nani. Kaka mkubwa wa marehemu, Constantin, alikuwa ameshatoa neno lake mbele ya wote. Pikipiki ya ndugu yao haiwezi kuzunguka mjini na mwanamke. Lakini hakutaka watu waseme familia imemnyang'anya mjane. Kwa hiyo aje nayo. Akiiwasha pale uani, kwenye parcelle yao, yeye mwenyewe, bila mtu kumsukuma na bila fundi kuigusa, ni yake. Isipowaka, inakwenda Luhwindja na Didier, mtoto wa Constantin, kubeba watu wa kwenye machimbo ya dhahabu.

"Na ukiikosa?"

"Sijue," akasema. "Kwenye soko mahali yangu imeisha kukamatwa. Niko na nini ingine?"

Nilitaka kumgombeza, nikashindwa. Nikachukua bisibisi.

Hiyo ilikuwa Ijumaa asubuhi, na tangu dakika ile sikutulia tena mpaka mambo yakaisha. Nikageuza funguo: taa ya mbele ikawaka, njano, ya kinyonge. Nikabonyeza kitufe: tak. Basi. Tena: tak. Nikasema batri. Nikaitoa, nikaweka yangu mpya ambayo nilikuwa nimeichaji mwenyewe. Tak. Fusible, yaani fyuzi, nzima. Nikapiga kiki mpaka goti likalia, hakuna kitu. Nikatoa buji, ile plagi ya cheche, nikaiegemeza kwenye chuma cha injini, nikamwambia apige kiki yeye. Cheche ilitoka nyekundu, nyembamba, ya kukata tamaa. Inatakiwa iwe nyeupe inayoelekea bleu, itoe mlio. Nikabadilisha buji. Ikawa ileile.

Nikaanza kufuata waya, mmoja baada ya mwingine, na kila waya ninaoufuata ninautukana. Eulalie alikuwa amechuchumaa pembeni. Nikinyoosha mkono, spana ya kumi imeshafika. Nikinyoosha tena, koleo imeshafika. Alijifunza kwa Jean-de-Dieu, akimtazama uani kwao miaka yote ile huku akichambua mboga. Kila nikifungua kitu ananiuliza: hapo unatafuta nini? Nilimjibu kwa ukali, lakini nilimjibu. Kwanza moto unafika? Kama unafika, unarudi? Maana umeme ni kama mtu anayekwenda kuteka maji. Asipokuwa na njia ya kurudi nyumbani, hata hiyo safari ya kwenda hataifanya.

Niliposema hivyo ndipo nilipopaswa kuelewa, lakini saa ya swala ilikuwa imefika na kichwa kilikuwa kimechemka. Nikaenda msikitini. Mungu anisamehe, nilisujudu huku ninafuata waya wa kijani. Imamu alitoa hotuba, sijui aliongea nini.

Tulipotoka nilimwomba Eulalie ailete pale mbele ya msikiti, ndipo penye tambarare ya karibu. Waumini wakasimama kutazama, wengine na viatu mkononi. Nikatoa kipande cha waya mnene, nikagusisha ncha moja kwenye nguzo hasi ya batri, nyingine moja kwa moja kwenye injini. Nikamwambia bonyeza. Demarere ikazunguka kama mpya. Watu wakapiga makofi, mimi nikakaa chini kabisa juu ya vumbi. Ni masse. Ni njia ya kurudi nyumbani. Pale ambapo waya hasi unafungwa kwenye chuma cha shasi, chuma hakimgusi mwenzake.

Nikafungua kiti, nikafungua bolti ile. Chini yake palikuwa na rangi. Rangi ya bleu, nzito, laini, imepakwa kwa uangalifu kuzunguka tundu lote, halafu waya ukafungwa juu yake. Rangi haipitishi umeme. Mtoto wa shule anajua.

"Ni mjinga gani huyu," nikasema, na nilisema kwa sauti ya mtu ambaye hajala, "mjinga gani anapaka rangi mahali pa masse?"

"Ni miye," akasema Eulalie.

Waumini wakaanza kuondoka. Mimi nilibaki na bolti mkononi.

Akanieleza bila kuniangalia. Wakati wa maziko nyumba ilikuwa imejaa watu, na pikipiki ilibaki nje kwenye mvua. Watu walipotawanyika akaiona imeota kutu, na Jean-de-Dieu hakuwa anavumilia kutu hata kidogo. Hakuweza kulala, hakuweza kukaa. Basi akaifungua yote, kipande kwa kipande, kama alivyokuwa akimwona anafanya. Kila bolti aliipanga juu ya mkeka. Alipiga msasa, akachukua rangi iliyobaki ya mlango wao, akapaka. Chini ya kiti. Chini ya tangi. Nyuma ya kila kitu.

"Alikuwa anapendaka hata kwenye haionekane ikuwe safi," akasema. "Sasa mi nilipaka fasi yote."

Alinipokonya bisibisi. Akakwangua mwenyewe pale chini ya bolti mpaka chuma kikang'aa, akafunga waya, akabonyeza. Ikawaka palepale, juu ya tambarare, bila mteremko, kwa mara ya kwanza tangu aanze kuiendesha. Niliruka. Yeye hakuruka. Alinishukuru kama unavyomshukuru mtu usiyemjua, akavaa kofia, akaondoka. Neno langu lilikuwa limemwingia. Nilijua, na niliumia, lakini nilijiambia nitaongea naye kesho. Ndivyo nilivyo. Ulimi wangu ni mwepesi kutukana, kuomba radhi unakuwa mzito.

Jumamosi nilimfuata Nyangezi na pikipiki yangu. Jean-de-Dieu alikuwa rafiki, hakuna ambaye angeniuliza ninafanya nini kule. Tulishuka mtaa wa Essence, tukapita Panzi, tukaingia barabara ya mashimo. Alitangulia, mimi nyuma, na macho yangu hayakuwa barabarani, yalikuwa kwenye bomba lake la moshi. Kwenye mpando mmoja ikakohoa. Mara moja tu, ikaendelea. Mbele kidogo ikakohoa tena. Nilimpigia honi asimame, akadhani ninamsalimu, akainua mkono akaendelea.

Uani kwa Constantin palikuwa sawasawa kama meza, kweli. Turubai limefungwa kati ya migomba, viti vya plastiki, wakwe wamekaa upande mmoja, majirani upande mwingine. Misa ilikuwa imeshasomwa. Watu walikula, walikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, mimi nikapewa soda ambayo sikuimaliza. Halafu Constantin akasimama, mzee mrefu mwenye koti, na uso uleule wa marehemu mdogo wake, jambo ambalo lilinitia uchungu zaidi. Akaongea juu ya shamba, akaongea juu ya ng'ombe mmoja. Akafika kwenye pikipiki.

"Tulisema neno, na neno halirudi nyuma," akasema. "Shemeji, iwashe. Nawe fundi, kuja ukae hapa karibu yangu."

Nikaenda nikakaa. Kiti cha plastiki, miguu yangu inacheza peke yake kama ya mtu anayeshona kwa cherehani.

Eulalie alikuwa amevaa kitenge cheupe cha siku ile. Akapanda. Akabonyeza. Demarere ikazunguka vizuri, kwa nguvu, na pikipiki haikuwaka. Akabonyeza tena. Ilizunguka tu. Akashuka, akapiga kiki, akapiga tena, akapiga mpaka kilemba kikalegea. Wanawake wa upande wa wakwe wakaanza kunong'onezana. Didier, mtoto wa Constantin, alikuwa ameshaanza kutazama matairi.

Wa jana ulikuwa ugonjwa mmoja. Huu ulikuwa mwingine, na niliujua kwa kusikia tu, kama unavyomjua mtu kwa hatua zake. Batri iko sawa, masse ya batri iko sawa, inayokosekana ni cheche. Na cheche inatoka kwenye bobine, ile koili ndogo iliyofungwa chini ya tangi, ambayo haina waya wake wa masse. Inashika masse kwa miguu yake, kwa skrubu mbili zilizokaa juu ya shasi. Na shasi imepakwa rangi fasi yote. Jana skrubu zilikuwa zinagusa chuma kidogo kwa meno yake. Barabara ya Nyangezi imezitikisa, zimeacha kugusa. Ni hivyo tu. Maneno mawili yangetosha: bobine, kwangua. Yalikuwa mdomoni kwangu, yamefika kwenye meno.

"Fundi," akasema Constantin, "keti."

Nilikuwa nimesimama bila kujijua. Nikaketi. Aliweka mkono juu ya goti langu, macho yake kwa shemeji yake, kama anayemwombea iwake. Hapo ndipo nilipoona kwamba yeye naye hakuwa anafurahi. Alikuwa amefungwa na neno lake mwenyewe, na asingeweza kulifungua mbele ya ukoo wote.

Eulalie hakuniangalia hata mara moja. Akachukua funguo ya buji kwenye mfuko wake, akaitoa buji, akairudisha kwenye kofia yake ya waya, akaiegemeza kwenye injini. Kwa mkono mwingine akabonyeza kitufe. Akainama karibu, akatazama. Hakuna cheche. Nikasema moyoni, vizuri, mama, sasa uliza: moto unafika? Unarudi? Lakini yeye alisimama wima, akafumba macho.

Alikaa hivyo muda mrefu. Watu walidhani anasali, na mmoja akaanza kufanya ishara ya msalaba. Midomo yake ilikuwa inasogea. Vidole vyake vya kulia pia vilikuwa vinasogea, polepole, kushoto, kulia, kushoto. Mimi nilitambua mwendo ule wa vidole. Alikuwa anapaka rangi. Alikuwa amerudi juu ya mkeka wake, ameshika brashi, anaipitia pikipiki yote toka kwenye usukani akishuka, anajiuliza wapi aliipitisha, wapi alifunga kitu juu ya rangi.

Akafumbua macho.

"Naomba kisu," akasema.

Wakwe wakagawanyika. Mmoja akasema kisu ni msaada, na neno lilikuwa hakuna msaada. Mwingine akasema msaada ni mtu, kisu si mtu. Ikawa kesi. Constantin akawasikiliza, akakohoa.

"Kisu haiko fundi," akasema. "Mumupatie."

Wakamletea kisu cha kumenyea ndizi. Akatoa kiti, akafungua bolti ya tangi, akaliinua, akalilaza juu ya nyasi kama unavyomlaza mtoto. Bobine ikaonekana. Akafungua skrubu mbili. Akaanza kukwangua. Nikasikia kisu kinavyokwenda juu ya chuma. Rangi ilikuwa inatoka kwa vipande vidogo, inaangukia kwenye kitenge chake cheupe, naye haikung'uti. Mara moja aliacha, akajifuta macho kwa kiwiko, akaendelea. Mimi sitaki kusema uongo: na yangu yalikuwa yamejaa.

Akafunga skrubu. Akarudisha tangi, bomba la mafuta, buji, kiti. Hakusahau kitu. Akapanda, akabonyeza.

Iliwaka kabla hajaondoa kidole.

Kuku walikimbia. Constantin akasubiri moshi utawanyike, akasema, "Zima." Akazima. "Washa tena." Ikawaka tena, mara moja, sauti tulivu, ileile ambayo zamani ilikuwa inatuambia kwamba Jean-de-Dieu amefika.

"Iko yake," akasema Constantin kwa wote. "Imeisha." Kisha, kwa sauti ya chini, "Lakini ilikuwa na nini, shemeji? Juu ya nini ilikataa?"

Eulalie akageuza kichwa, akaniangalia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa.

"Muulize fundi. Jana alisema ni mujinga gani alifanya hii kazi. Basi aseme hapa, bote basikie."

Ukoo mzima ukanigeukia. Mimi, mtu wa maneno, nilikuwa nimeyabana tangu asubuhi mpaka yananiuma. Nikasimama.

"Ni rangi," nikasema. "Baada ya maziko aliifungua yote na kuipaka rangi kwa mkono wake. Mpaka ndani. Mpaka mahali ambapo hakuna mtu anayeweza kuona, ila Jean-de-Dieu peke yake. Umeme ukakosa pa kupita." Halafu nikamgeukia yeye. "Mjinga nilikuwa mimi, maman. Unisamehe."

Constantin alikwenda mpaka kwenye pikipiki. Akaweka kiganja juu ya lile tangi la bleu, akakiacha pale, injini ikitetemeka chini yake. Didier akaondoka kwenye matairi, akaenda kumletea mjane kiti.

Tulirudi kabla ya mvua. Pale Essence alisimama kuningoja, akanyoosha mkono, nami nikampa kopo langu dogo la grisi apake pale alipokwangua, kutu isiingie. Alipaka mwenyewe.

Kadutu haijabadilika. Ninawaambia leteni niwatazamie, wananijibu si inawaka, na pikipiki zao zote zinaangalia chini. Isipokuwa moja. Maman Eulalie siku hizi akifika juu ya soko anaizungusha taratibu kati ya zile nyingine, anaiegesha pua ikiangalia mlima, anazima, anatoa funguo, anakaa kungoja abiria.